Mtoto anayeanza filimbi apewe wimbo kwanza

Mhariri,

Kwa muda sasa wazazi wamekuwa wakilalamika, kwenye kurasa za magazeti na katika mikutano ya shule, kwamba filimbi wanazotakiwa kuwanunulia watoto wao ni hasara tupu: hupulizwa wiki mbili tatu, huumiza masikio ya nyumba nzima, kisha huishia chini ya kitanda pamoja na viatu vilivyokwisha. Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya msingi huku Kwale, pwani ya Kenya, na sina la kuwabishia wazazi hao kuhusu walichokiona, kwa kuwa nami hukiona kila muhula. Ninachokataa ni hukumu yao kwamba chombo chenyewe hakifai. Filimbi ni miongoni mwa ala rahisi kwa mtu anayeanza, kwa bei na kwa ufundi, na mtoto wa miaka 9 au 10 anaweza kuipenda kwa moyo wake wote. Kinachomvunja moyo ni mahali tunapomwanzishia, kwani tunamkabidhi karatasi ya noti, yaani alama za muziki, na tarehe ya tathmini kabla hajatoa katika filimbi yake wimbo hata mmoja anaoujua. Ombi langu kwa walimu wenzangu na kwa wazazi ni kwamba wimbo utangulie, na hayo mengine yafuate.

Nianze na dukani, kwa sababu baadhi ya matatizo huanzia huko. Filimbi ninayoizungumzia hapa ni rekoda, ile ya plastiki inayopulizwa kwa ncha, ambayo watoto wetu wamekuwa wakiitumia katika muziki wa mtaala wa umilisi tangu mtaala huo ulipofika Gredi ya 4 mwaka 2020. Mzazi anaambiwa anunue filimbi, naye ananunua ya kwanza anayoiona kwenye duka la vitabu, bila kujua kwamba zipo za aina mbili ambazo kwa macho ni pacha, ilhali mpangilio wake wa vidole haufanani. Aina moja hufuata mpangilio unaoitwa wa Baroque. Nyingine hufuata mpangilio wa Kijerumani, ulioletwa na Peter Harlan, mtengenezaji wa ala nchini Ujerumani, katika miaka ya 1920 kwa nia ya kumrahisishia mwanagenzi noti ya F. Kwa noti hiyo moja alifaulu, lakini F iliyopandishwa nusu hatua, ambayo nyimbo nyingi mno huihitaji, ikawa ngumu zaidi na mara nyingi sauti yake haikai sawa. Kuzitofautisha si kazi: hesabu matundu ya mbele kuanzia juu, kisha linganisha la 4 na la 5. La 5 likiwa kubwa kuliko la 4, hiyo ni ya Baroque. Likiwa dogo kuliko la 4, hiyo ni ya Kijerumani. Mara nyingi pia herufi B (ya Baroque) au G (ya "German", yaani ya Kijerumani) huwa imechapwa upande wa nyuma. Darasani mwangu aina zote mbili huwa zimechanganyika, na mwalimu asiyelijua jambo hili atamkaripia mtoto aliyefuata maagizo barabara, kwa kuwa vidole vyake ni sahihi kwa filimbi ya jirani yake. Ningependa kila shule iandike aina inayotakiwa kwenye orodha ya mahitaji, na mimi napendekeza ya Baroque. Hata hivyo, mzazi aliyekwisha kununua ya Kijerumani asiitupe, kwa maana inatosha kabisa kwa miezi ya mwanzo, na sababu yake nitaieleza nikifika kwenye nyimbo.

Kila mtoto awe na yake. Najua ndugu hupokezana hata daftari, lakini chombo cha kutiwa mdomoni si cha kupokezana, na rekoda ya plastiki huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ikaanikwa kivulini. Ikiachwa kwenye jua kali hupinda, na filimbi iliyopinda haina dawa.

Baada ya hapo kuna pumzi, na hapa naomba nafasi zaidi kwa sababu ndipo kelele wanazozilalamikia wazazi zinapozaliwa. Mtoto akipewa filimbi kwa mara ya kwanza huipuliza kwa nguvu zake zote, kama anayewasha jiko la mkaa uliolowa, akiamini kwamba sauti nzuri ni sauti kubwa. Ndani ya mdomo wa rekoda mna mfereji mwembamba unaoipeleka pumzi moja kwa moja hadi kwenye ukingo mkali ulio chini ya kidirisha, na pumzi inapokatwa na ukingo huo ndipo hewa iliyomo ndani ya bomba inapoanza kutetema na kutoa mlio. Kazi ambayo mpigaji wa filimbi ya ubavu, ile inayopulizwa kwa upande, hujifunza kwa midomo yake kwa muda mrefu, katika rekoda imekwisha kufanywa na kiwanda, na kinachobaki kwa mtoto ni kupima pumzi tu. Pumzi ikizidi, sauti huruka juu kwa okteva nzima, yaani kutoka do hadi do inayofuata, au hugeuka ukelele. Ikipungua mno, sauti hulegea na kushuka chini ya mahali pake. Noti za chini ndizo zinazotaka upole zaidi, na hili humshangaza kila mwanagenzi, kwa sababu kwa kawaida tunadhani jambo linapokataa ni lazima tuongeze nguvu.

Zoezi ninalolianzia ni la noti moja. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kizibe tundu la nyuma, cha shahada kizibe tundu la kwanza la mbele, na mtoto aishikilie noti hiyo, ambayo ni B, kwa sauti iliyotulia mpaka pumzi iishe yenyewe, bila kutikisika na bila kupanda. Akishaweza, aikate vipande kwa ulimi, akitamka "tu" ndani ya filimbi kila anapoanza noti mpya, maana wengi huanzisha noti kwa kifua, na noti inayoanzishwa kwa kifua hutoka imechelewa na haina umbo. Yeyote atakayefanya haya mawili kwa siku chache ataona kelele zikipungua kuliko zingepungua kwa makaripio.

Tatizo jingine linalofanana na la pumzi kwa nje, lakini chanzo chake ni kingine, ni vidole visivyoziba. Uwazi mdogo mno kwenye ukingo wa tundu moja unatosha kuifanya filimbi ipige ukelele, na mtoto, kwa kuwa haoni kilichoharibika, hupuliza kwa nguvu zaidi. Katika hali hiyo mimi humwambia aziweke filimbi na mikono mezani, kisha ageuze viganja juu tutazame. Matundu huacha alama za duara kwenye nyama ya vidole. Duara likiwa kamili, kidole kilikaa vizuri. Likiwa limekatika upande mmoja, au likiwa kwenye ncha ya kidole karibu na ukucha badala ya kwenye nyama iliyo laini, mtoto mwenyewe huliona kosa na kulirekebisha bila mimi kusema neno. Watoto hulipenda jambo hili kiasi kwamba baadhi yao hulifanya hata pasipo na haja, wakilinganisha duara zao.

Kuna mambo mengine madogo ambayo nitayapitia haraka. Mkono wa kushoto ukae juu na wa kulia chini, hata kwa mtoto anayeandika kwa kushoto, kwa sababu matundu ya chini yametobolewa kwa kuufuata mkono wa kulia, na kipande cha mwisho cha filimbi kizungushwe kidogo kuelekea kidole cha mwisho ili kisivutwe. Mdomo ushike ncha tu, meno yasiguse. Sauti ikianza kukwaruza baada ya muda wa kupiga, maji yatokanayo na pumzi yameziba mfereji: funika kidirisha kwa kidole bila kukandamiza ukingo, puliza mara moja kwa nguvu, na uendelee.

Sasa nifike kwenye wimbo. Vitabu vingi vya wanagenzi huanza na B, A na G, na hapo havikosei, kwa kuwa noti hizo tatu zinapatikana kwa mkono wa kushoto peke yake. Shida ni kwamba mtoto hufundishwa noti hizo kama majina ya kukariri na alama za kuchora, kisha hupewa vijizoezi visivyo na sura ya wimbo wowote, au nyimbo za watoto wa Ulaya ambazo hakuzisikia kwa mama yake wala uwanjani. Mtoto huyo hana namna ya kujua kama amepatia au amekosea isipokuwa mwalimu amwambie, na akirudi nyumbani, ambako mwalimu hayupo, mazoezi yake ni kubahatisha. Lakini mpe wimbo aliokwisha kuubeba kichwani, awe aliupata kwa nyanya yake akibembelezwa au kwa wenzake wakicheza mduara, na masikio yake yatamsahihisha kila anapokosea, saa yoyote na mahali popote, bila malipo.

Huenda mtu akasema kwamba nyimbo zetu ni ngumu mno kwa mtoto mwenye noti tatu. Zipo ngumu, lakini zipo nyingi zinazotembea ndani ya sauti chache. Tukiichukua G kuwa do, basi A ni re na B ni mi, na tayari mtoto ana sauti tatu za kuanzia vibwagizo vingi vya michezo. Akiongeza vidole viwili vya mkono wa kulia chini ya G, anapata E, ambayo ni la ya chini. Akiongeza kimoja zaidi, anapata D, ambayo ni so ya chini. Hizo tano, so, la, do, re, mi, zinatosha kubeba nyimbo za kienyeji nyingi ajabu za eneo hili la Afrika Mashariki, kuanzia za kulaza watoto hadi za kutwanga. Na hapa ndipo sababu niliyoiahidi hapo juu inapoonekana: katika noti hizo tano hamna F ya aina yoyote, na zote tano hupigwa kwa vidole vilevile katika filimbi ya Baroque na katika ya Kijerumani. Darasa lenye filimbi zilizochanganyika linaweza basi kupiga pamoja kwa muda mrefu kabla tofauti hizo hazijajitokeza.

Namna ya kufundisha wimbo huo ni ile ambayo walimu wa kwaya wa nchi hii wanaijua tangu zamani. Kwanza tunauimba kwa maneno yake, kisha tunauimba kwa majina ya do na re, kisha tunauimba huku filimbi ikiwa imewekwa kidevuni na vidole vikisogea bila kupuliza, na mwisho tunapuliza. Hatua ya kidevuni hurukwa na walimu wengi kwa sababu haina sauti na huonekana kama kupoteza muda, ilhali ndiyo inayowawezesha watoto wengi kukaa katika chumba kimoja bila kila mmoja kupasua masikio ya mwenziwe. Isitoshe, mtoto aliyekwisha kuzoea njia hii huanza kutafuta nyimbo mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa akiuwinda wimbo wa harusi aliousikia kwa shangazi zake alikwama kwenye sauti ya juu ambayo nilikuwa sijawafundisha. Alijaribu hiki na kile, akafungua kidole gumba, akabakisha kidole cha kati peke yake, na D ya juu ikatoka safi. Noti hiyo katika kitabu chetu ilikuwa kurasa kadhaa mbele. Siku iliyofuata nusu ya darasa ilikuwa imekwisha kuijua, na haikuwa kwa kufundishwa na mimi.

Nisieleweke vibaya: noti za kuandikwa zifundishwe, na zifundishwe vizuri, kwa sababu anayezisoma anaweza kupiga muziki wa watu asiowahi kukutana nao. Ninachosema ni kwamba zije baada ya vidole kuujua wimbo, ili mtoto akiona ile mistari mitano aseme, "Kumbe huu ndio ule wimbo wetu," na kila alama iwe imeshikamana na sauti anayoifahamu. Kwa kuwa siku hizi muziki umeunganishwa na sanaa nyingine ndani ya somo moja, vipindi ni vichache kuliko tungependa, na najua mwalimu aliyebanwa hivyo hukimbilia kile kinachopimika kwa urahisi kwenye karatasi. Lakini ukiwa na vipindi vichache, ndiyo sababu zaidi ya kumpa mtoto kitu atakachotamani kuendelea nacho baada ya kengele kulia.

Mazoezi ya nyumbani nayo yana mambo yake. Sehemu kubwa ya wanafunzi wetu wanaishi katika vyumba vya kupanga, ukuta mmoja kwa jirani, mtoto mchanga amelala, na mtu mwingine anasikiliza taarifa ya habari. Jua likishatua huongezeka kizuizi cha wazee, ambao hawataki kabisa kusikia filimbi wala mluzi usiku kwa kuwa, wanasema, unaita nyoka. Sina nia ya kubishana na nyanya ya mtu kuhusu nyoka, na kwa kweli agizo lake lina faida: humlazimisha mtoto afanye mazoezi yake mapema, kabla ya magharibi, nje chini ya mwembe, mahali ambapo sauti ya filimbi husikika tamu kuliko chumbani na haimkeri mtu. Ikishindikana kutoka nje, vidole vinaweza kufanyishwa mazoezi kimya kimya kidevuni. Wapo pia wazazi ambao kwa sababu za dini hawataki ala za muziki nyumbani mwao, na hao wazungumze na mwalimu waziwazi, kwani mtoto anaweza kushiriki kwa kuimba bila kufedheheshwa mbele ya wenzake.

Dakika 10 kila siku humfaa mwanagenzi kuliko saa nzima ya Jumapili, kwa kuwa vidole vya mtoto husahau upesi na midomo yake huchoka upesi. Katika dakika hizo aanze kwa noti ndefu iliyotulia, apige wimbo anaouweza, kisha achukue kipande kimoja tu kinachomsumbua na akirudie polepole. Tabia ninayoiona kwa karibu kila mwanagenzi ni kurudi mwanzo wa wimbo kila anapokosea, hata mwanzo ukawa laini kama siagi na sehemu ngumu ikabaki vilevile mwezi mzima. Mzazi asiyejua muziki hata kidogo anaweza kumsaidia kwa kumwambia aanzie palepale alipokwama. Mwisho apige chochote anachokipenda, hata kama ni tangazo la redio. Na mzazi, badala ya kuuliza kama mazoezi yamefanywa, aombe apigiwe wimbo. Swali hujibiwa kwa ndiyo na mtoto akatoka mbio. Anayeombwa wimbo hana budi kuupiga.

Wako wanaosema kwamba yote haya ni kuwalazimisha watoto wetu kubeba utamaduni wa kigeni. Rekoda ni ya Ulaya, na hilo halina ubishi, lakini kupuliza mwanzi uliotobolewa matundu si jambo lililokuja na meli. Hapa Kwale Wadigo wana chivoti, filimbi ya kupulizwa kwa ubavu yenye matundu sita ya vidole, na jirani zao Wamijikenda wengine wanaijua. Wakikuyu wana mũtũrĩrũ, Waganda wana endere, Warundi na Wanyarwanda wana umwironge, na wapenzi wa taarab ya Unguja wanaijua nai, filimbi ya tete iliyofika pamoja na muziki wa Misri. Sioni kwa nini mtoto wa Msambweni amalize shule ya msingi akiwa amekwisha kushika rekoda ya plastiki na hajawahi kuigusa chivoti.

Lakini nisiipake mafuta hoja yangu. Chivoti si ala ya wiki ya kwanza kwa mtoto mdogo. Pumzi yake lazima ielekezwe na midomo yenyewe kwenye ukingo wa tundu la kupulizia, na mwanagenzi huweza kukaa siku kadhaa akitoa upepo mtupu, akashikwa na kizunguzungu kwa kutoa pumzi nyingi mno bila faida. Akihisi hivyo akae chini, apumue kawaida, aendelee baadaye. Aidha, kila fundi hutoboa kwa vipimo vyake, kwa hiyo chivoti mbili kutoka mikono miwili haziafikiani kwa urahisi, jambo ambalo ni sawa kwa mpigaji mmoja lakini ni taabu kwa darasa. Kwa sababu hizo mimi huanza na rekoda kwa pumzi, ulimi, vidole na nyimbo, kisha wale wakubwa kidogo huhamia chivoti wakiwa na nyimbo zilezile tayari vichwani, na kilicho kigeni kwao huwa ni midomo tu.

Kwa shule isiyo na mwanzi karibu, filimbi ya ubavu inaweza kutengenezwa kwa bomba la plastiki la maji la nusu inchi. Ncha moja huzibwa kwa kizibo, tundu la kupulizia hutobolewa karibu na kizibo hicho, na matundu ya vidole hufuata kwenye mstari uleule kuelekea ncha iliyo wazi. Mwanzi hutobolewa kwa chuma cha moto, lakini plastiki isichomwe, kwa maana moshi wake ni sumu, itumike keekee. Siri ya kazi hii ni kuanza na tundu dogo na kulipanua kidogo kidogo huku ukisikiliza, kwa sababu tundu likipanuliwa sauti hupanda, nawe unaweza kuendelea kupandisha mpaka upate unachokitaka, ila ukipitiliza huwezi kurudi. Somo la fizikia likifundishwa kwa njia hii, mtoto hatauliza urefu wa bomba una uhusiano gani na sauti, kwa kuwa atakuwa ameushika mkononi.

Niseme neno pia kwa watu wazima, maana huniuliza barabarani kama wamechelewa. Hawajachelewa. Mtu mzima ana pumzi ndefu na vidole vinavyoziba matundu vizuri kuliko vya mtoto. Anachokosa ni uvumilivu wa kusikika akikosea. Wengine hutamani moja kwa moja ile filimbi ya chuma yenye vifungo, ambayo Theobald Boehm wa Ujerumani aliipa umbo lake la leo mwaka 1847. Ni ala nzuri sana, lakini ni ghali na mafundi wa kuirekebisha ni wachache, na kuna mtu mmoja ninayemfahamu aliyeuziwa iliyotumika ambayo vifungo vyake nusu havikuziba, akajilaumu yeye kwa miezi. Anayeitaka na aende na mpigaji mzoefu dukani, na akiwa nyumbani aanze na kipande cha juu cha filimbi, kile kinachoitwa kichwa, peke yake, bila kuunganisha vipande vingine, mpaka apate sauti safi kila anapojaribu. Asiye na fedha hizo apate rekoda, au chivoti, na asidhani kwamba amepewa kitu cha pili. Kukaa barazani jioni ukaitoa sauti ya wimbo uliouimba ukiwa mtoto ni raha ambayo haimuulizi mtu filimbi yake ilinunuliwa bei gani.

Kwa hayo, Mhariri, naomba mambo machache kupitia ukurasa wako. Wauzaji watenge filimbi za aina mbili na kuwaonyesha wazazi tofauti yake kabla ya kupokea fedha. Wakuu wa shule waturuhusu kuwaalika wazee wanaopiga chivoti waje darasani, na wawalipe nauli na jasho lao kama wanavyomlipa fundi wa madawati, kwa kuwa baadhi yao wanaishi umbali wa kutembea kutoka shuleni na hawajawahi kuitwa. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1927 na ambalo kila mwaka huwapa watoto wetu jukwaa, lina nafasi ya filimbi, lakini ni wachache mno wanaofika huko, na hao wachache hupiga wimbo waliochaguliwa na watu wengine. Kila shule na itenge basi kipindi kimoja mwishoni mwa muhula, bila alama na bila majaji, ambapo kila mtoto apige wimbo aliouchagua mwenyewe, hata ukiwa wa noti tatu, na mzazi wake awe amekaa pale anamsikiliza. Sisi hapa shuleni kwetu tutakifanya Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga, saa nane mchana, chini ya mkorosho ulio nyuma ya jiko, na yeyote mwenye filimbi ya aina yoyote anakaribishwa kuja nayo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa muziki,
Kwale